Muhindo Wawili Hewani

Kahawa inayokauka na tindikali ya betri ya gari: harufu hizo mbili zikikutana puani mwangu hata leo, narudi moja kwa moja kwenye ghala la kahawa pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, ambako klabu yetu ya redio ilikutana kila Jumamosi alasiri. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi, mwenye maneno mengi kuliko soko zima la Mpondwe. Mwalimu Bwambale, aliyekuwa na leseni ya kuzungumza hewani, alitufundisha redio ya ridhaa, yaani ile ya watu wanaoongea na walio mbali kwa kupenda tu. Waya wa antena aliufunga kutoka paa la ghala hadi kwenye mkaratusi wa kanisa, mrefu kiasi kwamba ungeweza kuanika nguo za wilaya nzima na bado pakabaki nafasi ya mashuka ya askofu. Redio yenyewe ilikoroma kama viboko wote wa Katwe wamepata mafua. Sisi wengine tulikwenda kucheka. Rafiki yangu Muhindo, msichana mwenzangu, alikwenda kumtafuta mama yake.

Alikuwa amekimbia vita upande wa Beni, huko Kongo, pamoja na mama yake mdogo, wakapotezana na mama mzazi njiani. Padri mmoja wa Butembo alikuwa na redio kama yetu, na aliwaruhusu watu waliotafuta ndugu zao waitumie. Basi Muhindo alikaa kwenye gunia lililo karibu zaidi na spika, Jumamosi baada ya Jumamosi, hata akawa ananuka kahawa kuliko kahawa. Kwetu, wakizaliwa wavulana kisha akaja msichana, au wasichana kisha akaja mvulana, huyo aliyebadilisha mkondo huitwa Muhindo. Ni hivyo huku Uganda, ni hivyo kule Kongo. Ukiita jina hilo milimani, nusu ya mlima inageuka.

Jumamosi moja mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta masafa. Sauti ya padri ikatoka katikati ya mkoromo: "Bwera, iko mama hapa. Anatafuta mutoto wake Muhindo, wa Beni. Ova." Kwa lugha ya redio, hiyo ni zamu yetu kusema.

Muhindo aliinyakua maikrofoni kabla mwalimu hajafumbua mdomo. "Mama, ni mimi. Niko Bwera, kwa mama mudogo. Mama, unanisikia? Mama?" Aliendelea kuita huku amekibana kitufe hadi ukucha umekuwa mweupe.

"Kiachie, mwanangu," mwalimu alisema taratibu. "Ukikibana, yeye anakusikia, wewe humsikii."

Akakiachia. Sauti ya mwanamke ikaja, nyembamba, inazama na kuibuka. "Muhindo, mutoto yangu. Ile mukono yenye ilivunjika, imepona?"

Sote tuliitazama mikono ya Muhindo. Naye aliitazama, wa kulia, kisha wa kushoto, kana kwamba anatamani mmojawapo uvunjike hapo hapo. Kisha akabonyeza. "Mama, mikono yangu iko mizima. Mimi niko Muhindo mwingine. Ova."

"Haya, mutoto," sauti ikasema. "Mama yako akipita huku, nitamwambia uko Bwera."

"Na mimi nitamwambia yule wa mukono," Muhindo akajibu.

Hakuna aliyepita kwetu wala kwao. Padri alinyamaza kabla ya msimu wa kahawa uliofuata, mwalimu akahamishiwa Karusandara, na betri ikafa bila mtu wa kuizika. Siku hizi kila mfuko una simu, na ule waya nilioutania kweli unaanikiwa nguo. Muhindo anauza vitenge mjini Kasese; mama yake hajasikika mpaka leo. Juzi alijifungua msichana baada ya wavulana, na jina kila mtu alilijua tayari. Yeye akakataa, akampa mtoto jina ambalo sijalisikia kwa mtu mwingine yeyote. Wakwe walinuna wiki nzima. Nilipomuuliza sababu, alikuwa anamfunga mtoto mgongoni.

"Siku nikimwita," alisema, "aitike yeye peke yake."