Vitabu vya Mama Sangwa

Vitabu vya Mama Sangwa vilinuka kafuri na unyevu. Alivitoa katika sanduku la bati aliloshuka nalo kwenye treni kutoka Kongolo, na kila nilipofungua kurasa harufu ile ilishinda hata ya dagaa walioanikwa mchangani karibu na kwetu, Kalemie. Yalikuwa majira ya mvua, enzi za Zaire, nami nilikuwa msichana wa darasa la sita. Mama Sangwa, mjane aliyewahi kuwa mwalimu, alikuwa amepanga chumba kimoja uani mwetu. Aliniazima vitabu bila kudai chochote, ila neno moja: "Ukimaliza, ukuje unielezee yote. Usiruke kitu."

Mwezi ule nilimaliza vitatu. Cha kwanza kilimhusu mwindaji aliyefanya urafiki na chui. Sikukiamini, kwa sababu chui yule hakuwahi kuona njaa hata siku moja. Cha pili kilikuwa cha Kifaransa, msichana akimtafuta baba yake katika nchi ya theluji. Nilikipenda, ingawa kila aliyemkaribisha nilimshuku kuwa ni mwizi. Cha tatu kilininyima raha: mfanyabiashara alijifanya amekufa ili ajue nani atamlilia. Kitabu kilimsifu kwa hekima. Mimi nilimwona mtu mbaya, maana anayewategea mtego wapenzi wake atapataje machozi ya kweli? Nilipomweleza Mama Sangwa hayo alicheka, kisha akauliza: "Na kwenu, wanasema nini juu ya muntu wa namna ile?"

Swali hilo nililifikisha kwa Papa tukiwa tunakula. Papa alikuwa karani wa reli, na siku zile mtu aliweza kuchukuliwa na askari kwa mzaha alioutoa barazani. Aliacha kutafuna.

"Anakuuliza tunasema nini humu ndani?"

"Juu ya kitabu, Papa."

"Kitabu njo mulango wa kuingilia. Muntu hawezi kuazima vitu vyake bure. Kikulacho ki nguoni mwako."

Tangu hapo nyumba yetu ilinong'ona. Redio ilipunguzwa sauti. Mama, ambaye siku zote alisema mgeni njoo mwenyeji apone, akaanza kufunga dirisha la upande wa uani. Nami nikawa naona mambo niliyokuwa siyaoni. Kwa nini Mama Sangwa alisimama mlangoni akitega sikio kila mtu alipopita? Kwa nini alikutaja jina kabla hujamsalimia? Na kwa nini mwalimu mwenye sanduku zima la vitabu hatukuwahi kumkuta akisoma?

Askari walipomchukua mwenzake Papa palepale stesheni, Papa hakungoja tena. Alimwambia Mama Sangwa atafute chumba kingine. Hakubisha. Mama, kwa aibu, alikwenda kumsaidia kukunja nguo, nami nikafuata. Mama alimnyooshea kitenge, mkono wa Mama Sangwa ukapapasa hewa, mbali kabisa na kitenge chenyewe.

"Mama Sangwa, macho yako?" Mama aliuliza.

"Yalianza kuzimika kule Kongolo. Sasa naona kivuli tu. Vitabu nilivibeba nikitumaini nitapata wa kunisomea."

Papa alikuwa amesimama mlangoni. "Na mbona haukusema?"

"Ningesema, mungenipangisha? Mujane kipofu, peke yake? Mungesema nimekula mume wangu kwa uchawi."

Papa aliinama, akalibeba sanduku lililokuwa tayari mlangoni, akalirudisha mahali pake, akamwomba abaki. Alibaki hadi mvua zilipokatika, nami nilimsomea kila alasiri. Kisha akarudi kwa mpwa wake Kongolo. Papa alipomsihi asiondoke, alimjibu kwa upole: "Papa, siwezi kulala pahali wanapozima redio nikikohoa."

Leo ninasoma kuliko wakati ule, na mwezi uliopita nilimaliza vitabu vinne. Hakuna aliyeniomba nimweleze hata kimoja. Watu wa Kalemie tunasema kwa sauti mambo ambayo Papa asingethubutu kuyawaza, lakini kuta za nyua zetu zimerefuka na juu yake tumepanda vipande vya chupa. Juzi kijana mmoja alikuja kuulizia chumba kwangu. Nilimhoji ametoka wapi, nani anamfahamu, kwa nini yuko peke yake, hadi nikasikia sauti ya Papa ikitoka kinywani mwangu. Nikaacha maswali, nikampa ufunguo. Mpaka sasa sijui anafanya kazi gani.