Nishani ya Wilf, Kifua cha Enid

Asubuhi ile ya Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, Enid Thorlby aliinuka kitandani kwa awamu: kwanza miguu, kisha kiuno, mwisho moyo, na moyo ndio uliochelewa kuliko vyote. Alikwishavuka miaka tisini. Akanywa chai, akavaa koti jeusi, akasimama mbele ya kioo na nishani ya marehemu mumewe mkononi.

Wilf alikuwa mdondosha mabomu. Alilala kifudifudi kwenye pua ya ndege, akiitazama miji ya Ujerumani ikiwaka chini yake, akabonyeza kitufe. Vita vilipokwisha, wanajeshi wengine walishangiliwa. Hawa wa ndege za mabomu watu waliwakwepa kama wenye ndui. Wilf akavua sare, akarudi kulima kabichi, na jambo lile hakulitaja mpaka anaingia kaburini. Baadaye sana ndipo serikali ilipokumbuka kuwapa kipande cha shaba cha kubandika kwenye utepe wa nishani. Kikamkuta Enid keshakuwa mjane.

Lakini liko swali ambalo hakuna aliyeliuliza pale kijijini: Enid naye alikuwa wapi? Basi nikuambieni. Alikuwa kwenye kiwanja kilekile cha ndege alichorukia Wilf, msichana wa mashavu mekundu, akiendesha trekta lililovuta mabomu kutoka ghalani hadi chini ya matumbo ya ndege. Aliyavuta kwenye mvua na kwenye barafu, vidole vimekufa ganzi. Tena aliimba. Hilo ndilo lililomchosha miaka yote: kwamba aliimba.

Kwao, nishani yako unaivaa kushoto, ya marehemu wako unaivaa kulia. Enid akaibandika kushoto.

Binti yake Hazel, mwalimu mstaafu ambaye tangu ujana hakukosa maandamano ya kupinga mabomu, akaja kumchukua kwa gari.

"Mama, nakupeleka, lakini mimi nabaki garini. Siwezi kuwasifu watu waliochoma watoto vitandani mwao."

"Nani kakuomba sifa? Nimekuomba usukani. Na washa hiyo hita, nisije nikafia njiani ukalazimika kunivalia nishani."

Hazel akacheka bila kutaka.

Kwenye mnara wa mashujaa, Percy Stobart, sajenti wa zamani, alikuwa akipanga watu. Enid ndiye aliyepangiwa kuweka shada la maua mwaka huo. Stobart akamtazama kifuani.

"Bi Enid, mpenzi wangu, umekosea upande. Ya mume huvaliwa kulia. Ngoja nikusaidie."

"Toa mkono, Percy. Sijakosea."

"Sasa wewe uliruka lini? Au ulikuwa rubani ukatuficha?"

Watu wawili watatu wakacheka. Enid naye akatabasamu, ameushikilia mkongojo.

"Yale mabomu niliyavuta mimi. Bila mimi Wilf angedondosha nini, kofia yake? Miaka yote mimi ni mjane wa Wilf tu, mnanipa pole na keki. Kama leo kuna sifa, nipeni na yangu. Na anayewaita wenzangu wauaji, aniite na mimi. Nimechoka kujificha nyuma ya maiti."

Stobart akashusha sauti. Hakuwa mtu mbaya, ni mtu wa kanuni tu. "Utaratibu ni utaratibu, mama. Ukibaki hivyo, shada siwezi kukupa."

"Basi mpe mwingine. Mimi nikae wapi?"

Shada akapewa mke wa daktari, aliyehamia kijijini juzijuzi. Enid akajikokota hadi benchi la pembeni, limelowa umande, akaketi na nishani yake kushoto. Tarumbeta ikalia. Hakujiona shujaa, wala hakujiona mhalifu, aliona baridi.

Mlango wa gari ukafungwa. Hazel alikuwa ameteremsha kioo, akasikia yote. Akaja akaketi kando yake.

"Uliniambia uliendesha trekta," akanong'ona. "Mimi nikadhani la viazi."

"Nilikuacha udhani."

Watu wakaanza kuimba, nusu yao wakiyasahau maneno.

"Bado sikubaliani nao, mama. Wala na wewe."

"Sijakuambia ukubali. Sogea huku, upepo unanipiga goti."

Hazel akasogea, akavua skafu yake na kumfunika goti, na garini hakurudi.