Mama Mwaija Agoma Kuteka Maji Mpaka Jina Lirudi

Saa moja asubuhi, Jumatatu, pipa la shule ya Kwemvule limekauka mpaka buibui ameanza kutanda utando ndani. Mteka maji wa shule yupo. Ameketi mlangoni juu ya debe tupu alilolifudikiza, amefunga kanga kiunoni kwa fundo la mtu asiyetaka maneno mengi.

"Mama Mwaija, maji yako wapi?" anauliza Mwalimu Gregori.

"Kisimani."

"Yanangoja nini?"

"Yananingoja mimi. Na mimi nangoja jina."

Watoto wanacheka. Mwalimu anawakemea, lakini naye koo limekauka.

Mama huyu, Bi Mashavu, mkazi wa kijiji hiki kilicho nje kidogo ya Mazingara, Handeni, ni mteka maji wa shule kwa mwaka wa nne sasa. Madebe sita kila siku, na kisima kiko mwendo wa maili moja na nusu. Anayejua kuhesabu na ahesabu: kwenda na kurudi, mara sita. Malipo yake ni shilingi sita kwa mwezi. Mumewe, Mwinjuma, anakata mkonge huko Korogwe, na nyumbani huonekana kama mvua ya Handeni.

"Sikuichukua kazi hii kwa shilingi sita," anasema. "Niliichukua ili mwanangu asome nikiwa namwona."

Mwanawe huyo, Mwaija, yuko darasa la nne. Tuseme alikuwa. Miezi mitatu iliyopita alivunja ungo, na shangazi yake, Bi Mwantumu, akamweka ndani kama wawekwavyo wali wote. Hakuna anayelaumu mila hapa. Mama mwenyewe aliwekwa ndani, akafundwa, akatoka na adabu zake. Lakini mwali hatoki mpaka achezewe ngoma, na ngoma haichezwi bila nafaka. Mwaka jana mahindi yalikauka yakiwa kwenye mbelewele. Ngoma ikasogezwa mpaka mavuno yajayo.

Mtihani wa darasa la nne haukusogezwa. Umebakiza wiki sita, na anayeufaulu ndiye anayekwenda shule ya kati, kuanza darasa la tano.

Bi Mashavu akamwendea mwalimu, akamwomba amwandikie mtoto masomo kwenye kibao, yeye ayapeleke.

"Asiyekuja darasani si mwanafunzi wangu," akajibiwa.

Basi akaamua kuyateka masomo kama anavyoteka maji. Kila akishamimina debe la mwisho, alisimama dirishani na kibao cha mwanawe, akanakili kilichokuwa ubaoni. Kusoma hajui hata herufi moja. Lakini anajua kusuka mikeka, na jicho la msusi halisahau mstari unakopinda.

"Nilifuata tu, kama mtu anayefuata ukili wa mwenzake," anasema. "Mstari ukipanda napanda nao. Ukizunguka nazunguka nao."

Nyumbani alikipitisha kibao chini ya pazia. Mwaija alisoma, akafanya hesabu zake, akafuta, akakirudisha. Wiki tatu mambo yakaenda hivyo.

Ijumaa iliyopita alinakili mistari sita mifupi. Akafurahi kwamba somo la siku hiyo ni jepesi. Akakipitisha kibao, akangoja.

"Mama," sauti ikatoka ndani, "hili si somo. Haya ni majina matano, na juu yake pameandikwa: Waliofutwa shule. La kwanza ni langu."

Mwenyewe akifika hapa kwenye simulizi, analipiga debe kofi.

"Nimeliandika mimi! Kwa mkono wangu huu! Nimembebea mwanangu hukumu yake nikidhani nambebea elimu. Na mwalimu aliniona pale dirishani, akaniacha nichore!"

Jumamosi alimvaa wifi yake uani, mbele ya majirani.

"Wifi, kitendawili!"

Bi Mwantumu, aliyewafunda wali wa kijiji kizima kwa vitendawili, akajibu hata kabla hajafikiri: "Tega!"

"Yuko ndani hana jua, yuko nje hana jina."

"Mbegu."

"Siyo."

"Kifaranga kwenye yai."

"Siyo."

"Haya, umenishinda. Nakupa mji. Chukua Korogwe, na stesheni yake na treni zake."

"Korogwe kaa nayo. Nipe mwanangu! Humu umemficha jua, kule wamemfuta jina. Ukimtoa wakati wa mavuno utamtoa nani?"

Majirani wanasema Bi Mwantumu alisonya, akaingia ndani, akafunga mlango.

Turudi shuleni. Mwalimu Gregori anajitetea kwamba sheria ya rejista hakuitunga yeye. "Jina nitalirudisha mtoto akisimama mbele yangu. Si mama yake juu ya debe."

"Basi tutakaa na kiu wote."

Hapo ndipo watoto wanapogeuka kutazama njiani. Watu wawili wanakuja. Mmoja ni Bi Mwantumu, ana fimbo mkononi. Wa pili amefunikwa kanga tangu utosini hadi miguuni.

"Wavulana, tazameni chini, mwali haonwi na wanaume!" Bi Mwantumu anafoka. "Na wewe mwalimu, chini! Atakaa nyuma hivyohivyo alivyofunikwa. Jioni ni wangu."

"Nitajuaje kama ni yeye?"

"Mpe chaki," anasema Bi Mashavu.

Mkono unatoka ndani ya kanga, unaipokea chaki, unaandika ubaoni: MWAIJA MWINJUMA. Mwalimu anautambua mwandiko wa mwanafunzi wake. Kisha anafungua rejista na kulirudisha jina.

Bi Mashavu anainuka, anageuza debe lake. Ukimuuliza kama sasa hasira imekwisha, anakutazama kama uliyemtukana.

"Iishe kwa nini? Majina yalikuwa matano. Manne yana mama zao, nitawapitia mmoja mmoja. Mwaija atafanya mtihani, na shule ya kati atakwenda. Na mimi jioni, akirudi nyuma ya pazia, atanifundisha herufi. Sitaki tena kuandika jambo nisilolijua."

Anajitwisha debe, anashika njia ya kisimani.