Bolti Juu ya Rangi

Ukitafuta fundi wa umeme wa magari Kibera, upande wa Olympic, utaambiwa nenda kwa Fadlalla. Na ni kweli, mkono anao. Ila mdomo wake, Mungu amsamehe, hutangulia mkono.

Miaka mingi alishirikiana na Wakoli, mchomeleaji wa Kawangware. Wakoli akishaunda trela na kuipaka rangi, Fadlalla huja kufunga taa. Basi trela ya Kinyanjui, mzee wa kukodisha tenti na viti, ikaanza vituko: ukiwasha indiketa, taa za breki nazo zinakonyeza, kisha zote zinafifia. Kinyanjui akaja amefura.

Fadlalla hata hakuinama kutazama. "Mzee, huyo ni Wakoli. Amechomelea karibu na waya zangu, zimeungua ndani."

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Huu uliponza kichwa cha mwenzake. Karakana ya Wakoli ilikuwa kwenye ploti ya Kinyanjui huyo huyo. Mzee akamfukuza, na Wakoli akarudi kwao Bungoma bila kumtukana mtu.

Juzi trela ile ikaletwa tena, imewashinda mafundi wengine. Safari hii Fadlalla aliingia chini yake. Waya zote nzima! Akaunganisha taa moja kwa moja na upande hasi wa betri ya pikapu iliyoivuta. Zikawaka vizuri kabisa. Kumbe shida ni waya wa kurudisha moto, yaani umeme, kwenye betri kupitia chuma cha trela. Akaufuata hadi kwenye bolti yake, akaikuta imekazwa juu ya rangi. Rangi haipitishi moto, jamani. Unakwangua kwanza mpaka chuma king'ae, ndipo unafunga. Na bolti hiyo aliifunga yeye.

Wallahi, alikaa kwenye vumbi akalia. Kisha akamweleza Kinyanjui bila kuficha, na akampigia Wakoli simu.

"Ndugu yangu, nilikuponza. Ni mimi nilifunga juu ya rangi."

"Najua. Nilikuona. Ilikuwa Ijumaa, unakimbilia msikitini. Nikasema utarudi kukwangua."

"Mbona hukumwambia mzee?"

"Nilingoja useme mwenyewe, Fadlalla. Nilingoja sana."

Fadlalla akamsihi arudi, ploti ipo, mzee amekubali. Wakoli akamjibu:

"Mashine ya kuchomelea niliuza, buda. Na hata ningekuwa nayo, taa angenifungia nani?"