Barua ya Kuacha Kazi

Mwanangu, hujazaliwa bado, na mimi ndiyo kwanza niko kidato cha tatu, lakini nakuandikia sasa kwa sababu nikishakuwa mtu mzima huenda nitaona aibu kukusimulia. Siku yenyewe naikumbuka vizuri. Baba, anayefundisha hesabu hapa Kongwa, aliniita nimwandikie barua ya kuacha kazi.

Macho yake yalikuwa yamekwisha. Kope zimegeukia ndani kwa ugonjwa wa vikope, zinakwaruza, na ubaoni alikuwa anaandika kwa mazoea tu. Alidhani shuleni hakuna anayejua. Miaka hii walimu wengi wanaacha kazi, wanafungua maduka, wanauza mitumba, na watu wanawasifu. Kwa hiyo akasema, nami nikaandika: "Naacha kazi kwa hiari yangu, nikajishughulishe na biashara."

Nilijua ni uongo. Biashara gani, na sukari anaimwaga pembeni ya kikombe? Lakini mimi ni mtu wa kunyamaza. Niliandika, tena kwa mwandiko wa kuringia.

Barua ya mwalimu lazima ipitie kwa mwalimu mkuu, basi nikampeleka Baba nimemshika mkono kama vile tunatembea tu. Mwalimu mkuu ni mama wa Kondoa, Mwalimu Hadija, hacheki ovyo. Akasoma, akavua miwani.

"Utauza nini, Mwalimu?"

"Karanga," Baba akajibu.

"Karanga! Na mteja akikupa karatasi ya daftari badala ya noti?"

Mwalimu Hadija akanigeukia. "Na wewe mwandishi, baba yako anaona?"

Nilitazama viatu vyangu. Kisha nikasema, "Haoni, Mwalimu. Tangu mwaka jana."

Baba akauachia mkono wangu.

Mwalimu Hadija hakunipongeza. "Basi wewe ndiye wa kuchapwa. Umejua, ukaandika! Anayeacha kazi kwa hiari anaondoka mikono mitupu, pensheni hana, kiinua mgongo hana. Anayeumwa anapelekwa mbele ya madaktari. Wakithibitisha, anastaafishwa kwa ugonjwa, na haki zake anazo. Tofauti ni neno moja tu, binti."

"Sitaki kuhurumiwa," Baba akasema kwa sauti ya chini.

"Nani kakuhurumia? Umefundisha tangu hujaoa. Hicho ni chako."

Akaichana ile barua. Tukaandika nyingine palepale mezani kwake. Nilipofika kwenye "nimepoteza uwezo wa kuona" nikainua kalamu, Baba akasema, "Endelea. Ndivyo ilivyo."

Leo majibu yamekuja: madaktari wamethibitisha, atastaafishwa kwa ugonjwa. Nimemsomea mara tatu, na bado anasema, "Hebu rudia hapo."

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukiona mtu wako anajificha nyuma ya maneno ya kishujaa, usimsaidie kuyaandika vizuri. Mwulize, hata kama una sauti ndogo kama yangu. Na wewe mwenyewe, mwili ukikushinda kazini, utaje ugonjwa kwa jina lake mbele ya daktari na mbele ya mwajiri, kabla hujaweka sahihi popote. Haki ya aliyeugua akiwa kazini si sadaka. Hakuna wa kumwonea haya.

Mungu akupe macho ya kuona mpaka uzeeni. Akikunyima, basi akupe mtu wa kukusomea, ambaye hutaogopa kumwambia ukweli. Amina.