Mshale wa Kibla Kwenye Nyumba Yenye Magurudumu

Adhuhuri ya siku ile, wanaume wa ukoo wetu walisali wakielekea Makka.

Sisi wanawake tulisali tukiwaelekea wao.

Sitanii. Wanawake wanne, bibi yangu wa miaka themanini na mbili akiwemo, tulirukuu na kusujudu mbele ya ami yangu, na kati yetu na yeye palikuwa na pazia tu.

Aliyesababisha ni mimi, Wiam, mwenye shahada ya usanifu wa vyumba.

Kaeni vizuri niwaeleze.

Mimi ni wa Ibra. Wazee wetu walitoka Unguja, na Kiswahili hiki nimekipata chumbani kwa bibi yangu, Bi Ghaniya. Mkiona kina ukale, mjue kilikotoka.

Chuo nilisomea Nizwa. Mwalimu wetu mmoja alikuwa akisema chumba kizuri kinaweza kumrudishia mtu heshima yake. Wenzangu waliyaandika maneno hayo kwa ajili ya mtihani. Mimi niliyaamini.

Nikamaliza, nikarudi nyumbani kungoja kazi. Kazi haikuja. Likaja zizi la mbuzi.

Ilikuwa karavani kuukuu, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, imetupwa kwenye shamba la mitende kule Samad Ash Shan. Mwenye shamba alikuwa akiwafungia mbuzi humo. Nilipomuuliza kama anaiuza, alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya takataka zake. Akasema niichukue, ila mbuzi nimwachie.

Niliitaka kwa ajili ya Bibi.

Kila Novemba, hali ya hewa ikipoa, ukoo wetu hupiga kambi kwenye mchanga wa Bidiya. Bibi alikuwa haendi mwaka wa nne sasa. Magoti yamekwisha, na kule hakuna choo, kuna nyuma ya tuta la mchanga.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili, kwa hesabu yangu, ilikuwa Ami Marhun.

Ami Marhun ni kaka wa baba, mkuu wa safari zetu. Ni mtu anayekwenda jangwani kuukimbia mji, kisha anaupakia mji wote nyuma ya gari: jenereta, televisheni ya kuangalia mpira, zulia la sebuleni, hata majani ya bandia ya kutandika juu ya mchanga. Gari lake lina uwezo wa kupanda jabali. Jabali pekee ambalo gari hilo limewahi kulipanda ni lile tuta la barabarani mbele ya msikiti.

Kila mwaka alisimama katikati ya ukumbi akatangaza kwamba Mama atabaki, kwa sababu mchanga hauna huruma na magoti yake. Mama yake yuko palepale, anahesabu tasbihi. Halafu Ami anamalizia kwa Kiarabu, akituambia sisi watoto tusimsumbue mzee kwa maswali.

Hilo la Kiarabu ndilo lililonichoma.

Nyumbani kwetu Kiarabu ni pazia. Bibi ameishi Oman zaidi ya miaka hamsini, na Kiarabu chake hakijavuka salamu, bei za sokoni na dua. Basi likiwepo jambo asilotakiwa kulisikia, linasemwa kwa Kiarabu mbele ya uso wake, naye anatabasamu.

Nikamtazama ami yangu nikasema moyoni: mtu huyu anamwonea haya mama yake.

Nikaapa nitamtoa Bibi kwenye ile nyumba, akalale Bidiya kama malkia, na Ami aone.

Miezi saba.

Nilianza na samadi. Nilipofika kwenye sakafu niliikanyaga, mguu ukapita, nikabaki nusu ndani ya karavani na nusu nje, nikiita watu. Nikang'oa mbao zote zilizooza, nikatandika plaiwudi mpya.

Paa nililimwagia maji kwa mpira wa bustani, nikaingia ndani kuhesabu panapovuja. Nilipofika kumi na tisa niliacha kuhesabu nikaanza kulia. Kisha nikajifunza kuziba.

Fundi wa kuchomea vyuma kule Sanaiya, kwenye magereji ya Ibra, alinichomea fremu ya chini huku akiniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko njiani.

Ami Marhun alipita kila alasiri. Alikuwa anashusha kioo cha gari, anaitazama kazi yangu, anatoa sauti moja:

"Meee."

Kisha anaondoka. Siku nyingine aliniuliza wapangaji wa zamani wamehamia wapi.

Mimi napiga msasa tu.

Nilimpima Bibi urefu wa goti lake kwa futi kamba, nikamdanganya nampimia gauni. Choo kikakaa kwa kipimo kile. Nikakiwekea vyuma vya kushikia kulia na kushoto, na bomba la kutawadhia karibu, asilazimike kuinama. Nje, ngazi mbili fupi. Kitanda chake nikakiweka chini ya dirisha kubwa, na pazia la maua kama ya kanga zake.

Na darini, kwa gundi ile isiyobanduka, nikabandika mshale wa shaba kama wanavyobandika hotelini. Nikaandika: KIBLA.

Nilipima kwa simu mara tatu. Mshale ulielekea dirisha kubwa, na dirisha likaelekea Makka bila kosa la kidole.

Karavani wakati huo ilikuwa uani kwetu.

Msomaji mwerevu ameshacheka. Mimi nilikuwa na shahada, sikucheka.

Nilipomwambia Bibi twende, nilitegemea vita. Aliitazama karavani kutoka dirishani kwake, kisha akauliza kama kuna mahali pa kuweka buli lake la chai.

Ami aliposikia Mama anakwenda alikuja kusema ataivuta yeye, kwa sababu gari la baba halina nguvu. Nikaona huyo anataka kuushika usukani wa ushindi wangu.

Tulifika Bidiya kabla ya adhuhuri. Ami akaigeuza karavani, akaiegesha dirisha kubwa likitazama zulia lake na televisheni yake, ati Mama apate kuona mpira. Bibi hajawahi kutazama mpira tangu azaliwe. Mimi nilikuwa natandika shuka, sikujali imegeuziwa wapi.

Wakati wa sala ukaingia. Wanaume wakajipanga kwenye zulia nje. Ndani tukawa Bibi kwenye kiti chake, mama yangu, mimi, na Raghad, binti wa Ami. Pazia limefungwa. Raghad akauliza kibla iko wapi.

"Tazama juu," nikamwambia, kwa majivuno ambayo leo nikiyakumbuka najifunika uso.

Tukasali.

Tulipotoa salamu, mama akalifungua pazia apate hewa.

Hatua chache mbele yetu, uso kwa uso, wamekaa Ami Marhun, baba yangu na binamu zangu, bado wamo katika tahiyatu. Tukatazamana kama timu mbili zinazongoja filimbi.

Ami akatoa salamu kulia, akatoa kushoto, akainua macho polepole. Akaona dirisha. Akaona mishale ya macho yetu yote. Akaelewa.

"Wiam," akasema, "bora hukusomea udaktari. Ungetuzika wazima."

Jangwa zima likacheka. Raghad alicheka mpaka akakaa chini. Ami akaongeza kwa Kiarabu kwamba ndiyo maana alitaka Mama abaki chumbani kwake, kule kuta hazihami.

Hapo nikapasuka.

Nilisema kwa Kiswahili, kusudi Bibi asikie kila neno.

"Ami, wewe ndiye uliyemfungia Bibi miaka minne. Unamsema kwa Kiarabu mbele yake kama unasema kiti. Mama yako unamwonea haya, na sisi sote tunajua."

Kicheko kikakatika. Baba aliliita jina langu mara moja, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Ami Marhun alitazama zulia lake.

Nikahesabu kwamba nimeshinda.

"Wiam," Bibi akasema nyuma yangu. "Nipeleke chooni."

Nikampeleka. Hatua tano, miezi saba. Akashika vyuma vyangu, akakaa, nikafunga mlango nikasimama nje yake kama askari wa zamu, moyo umejaa.

Sauti yake ikatoka ndani. Alisema kwa Kiarabu. Kiarabu kibovu, chenye lafudhi ya Unguja, lakini kila neno lilikuwa mahali pake:

"Hii si safari. Hii ni zamu ya kumpeleka kizee chooni."

Nikauliza, "Ami Marhun alisema hivyo?"

"Sikiliza vizuri, mjukuu wangu."

Akairudia. Safari hii akaiga na sauti. Sauti nyembamba, ya haraka, ya msichana anayerekodi ujumbe kwenye simu.

Nikaijua.

Miaka minne nyuma, hema la wanawake, hapahapa Bidiya. Nina miaka kumi na tisa. Siku hiyo nilikuwa nimempeleka Bibi nyuma ya tuta mara tatu, na mchanga umeniingia kwenye viatu vipya. Nikawatumia marafiki zangu wa Nizwa ujumbe wa sauti, tupate kucheka. Bibi alikuwa amelala nyuma yangu. Nikasema kwa Kiarabu, kwa sababu Kiarabu ni pazia.

Nilisema, nikasahau. Nilisahau kabisa, wallahi. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

"Kiarabu kinanishinda kusema," Bibi akasema. "Kusikia hakijanishinda."

Nikaegemeza paji la uso kwenye mlango.

"Na Marhun muache. Kila mwaka huja chumbani kwangu kuniomba nende. Nikamwambia, waambie watu wewe ndiye hutaki, wasije wakaniuliza kwa nini. Akakubali kusemwa. Hajui ni nani wala ni neno gani. Sikumwambia mtu."

"Sasa mwaka huu umekubalije, Bibi?"

"Nilikuwa nakuona dirishani. Mtu hapigi msasa miezi saba kwa ajili ya mtu aliyemchoka."

Maji yakashuka. Choo changu, kwa kweli, kilifanya kazi vizuri sana.

Mlango ukafunguka. Bibi aliviacha vyuma, akashika mkono wangu.

"Choo kizuri," akasema. "Lakini mie sikuwa na kesi na choo." Akapiga hatua moja. "Na lile gauni ulilonipimia goti, liko wapi?"

Nikalia mpaka kamasi. Akaningoja, halafu akaniambia nifute uso.

"Kibla ikikosewa na wakati ungalipo, sala hurudiwa. Nenda kaulize Makka iko wapi."

Simu yenye dira ilikuwa mfukoni mwangu. Bibi aliiona. Wala hakuitaja.

Nikatoka nje. Wanaume wote walikuwa wamekaa, televisheni imezimwa. Nikaenda mpaka mbele ya Ami Marhun, nikamuuliza mbele ya kila mtu.

"Ami, kibla iko wapi?"

Akanyoosha mkono kuelekea magharibi.

Nikainama nikambusu kichwa. Nikamwambia anisamehe. Sikumwambia nimejua nini, na yeye hakuuliza. Macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia mchanga.

Kisha akasema, taratibu, kwangu peke yangu:

"Meee."

Tukairudia sala. Safari hii ukoo mzima tulielekea upande mmoja.

Bibi ameniruhusu kuyaandika haya. Ami ameshayasoma. Amesema kasoro yake ni moja tu, nimelidharau gari lake.

Nawaandikia hasa nyinyi mliomaliza chuo kama mimi, wenye nia njema na futi kamba mkononi. Mzee wenu si chumba. Msimpime mkampangia kabla ya kumuuliza.

Mimi kwa miaka minne nilibandika mshale juu ya kichwa cha ami yangu, na sikutoka nje hata siku moja kutazama mwenyewe nimeegeshwa vipi.

Gauni linashonwa. Ilibidi nimpime Bibi upya, maana nilikuwa na kipimo cha goti peke yake.

Mshale wa darini umegoma kubanduka. Nimeandika chini yake kwa kalamu nene: ULIZA KWANZA.