Diski Niliyoisaga kwenye Karasha

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyopata dhahabu yangu ya kwanza, na dhahabu hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye nyumba ya tope nikajenga ghorofa hapa Kagongwa. Darasa la nne sikumaliza, mwanangu, lakini wenye shahada huniita bosi.

Kompyuta yangu ilikuwa inachelewa kuwaka. Nikanunua diski mpya, hizi za SSD zenye kasi, nikamwita fundi Neema. Akashauri tuhamishe diski nzima kama ilivyo, kazi ya saa kadhaa, na ya zamani niitunze mpaka nione kila kitu kinafunguka. Nikamcheka. Mimi nimechimba maduara marefu, mashimo ya dhahabu, bila kufundishwa na mtu, nishindwe kuhamisha mafaili? Nikakopi mwenyewe kwenye flashi vyote nilivyoviona kwenye kioo. Neema akafunga diski mpya shingo upande, nikavimimina humo.

Ya zamani nikaitumbukiza siku hiyo hiyo kwenye karasha, mashine yetu ya kusaga mawe ya dhahabu, washindani wasije wakasoma ramani za maduara yangu. Vijana wa kazi wakapiga makofi. Nami nikajiona.

Mwezi uliofuata dada yangu Minza akaja kutoka Kishapu. Mama alikuwa ameshatutoka, na ni mimi niliyemrekodi akitaja ukoo wetu kwa Kisukuma na kuimba nyimbo alizotulelea. Minza alitaka kumsikia. Nikabonyeza penye jina la Mama kwenye kompyuta. Kimya.

Neema alipoangalia akasema nilikopi alama tu ya kufungulia. Yaani nilibeba mlango, nyumba ikabaki kwenye diski ya zamani. Akauliza iko wapi. Nikamwambia.

“Baba Kulwa,” akasema taratibu, “mchanga mkishauosha mnauweka, mnauita marudio, kwa sababu hamuamini kama dhahabu imeisha. Sauti ya mama yako ndiyo umeisaga siku hiyo hiyo uliyokopi?”

Minza akaanza kuimba mwenyewe wimbo mmoja wa Mama, akafika katikati, akakwama. Akanitazama nimalizie. Sikuujua.

Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Ukihamia kwenye kipya, fungua kila faili, lisikilize mpaka mwisho, ndipo uachane na la kale. Anayeijua kazi yake msikilize, hata kama ni mdogo kwako na hana ghorofa. Na kama mama yako yu hai, kamrekodi leo, uweke mahali pawili. Mungu akujalie masikio kabla hajakujalia mali.